Pembe za Ng'ombe na Kaunta Buku

Kwenye misiba yetu huku Mara, marehemu akishafukiwa na mashada yakishawekwa, hakosi mzee wa kusimama na kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ninaiamini sentensi hiyo. Niliisema mwenyewe nilipomzika mume wangu, aliyeugua miaka mitatu na kuhudumiwa kwa kila namna. Lakini nimefanya kazi katika kiwanda cha samaki Musoma miaka 21, na miaka 11 kati ya hiyo nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi upande wa usalama. Tangu hapo, kila nikiisikia makaburini, huwa nauliza kwanza marehemu alikufaje. Maana iko kazi ya Mungu, na iko kazi ya mkanda wa mashine usio na kinga. Tukiziita zote mbili kazi ya Mungu, tunamsingizia.

Ndugu wanaokusanya makala hizi wameniomba niandike juu ya imani mahali pa kazi. Najua wengine wataandika juu ya kutoiba, kuwahi na kumheshimu bosi, na watakuwa wameandika vema. Mimi nitaandika juu ya cheo kidogo ambacho waumini wengi hawajakisikia, ingawa kimo katika sheria za nchi yetu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri awe na wawakilishi wa usalama na afya walioteuliwa kwa maandishi kutoka miongoni mwa wafanyakazi. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Kifungu chake cha 62 kinampa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi majukumu kadhaa, na mojawapo ni kuwasemea wanachama katika mambo ya kanuni, afya, usalama na ustawi wao. Kwa hiyo wa kwanza anateuliwa na mwajiri, wa pili anatoka kwa wenzake. Kwetu mtu huyo alikuwa mmoja: tawi la chama lilinichagua mwaka 2005, kisha menejimenti ikaniandikia barua. Naona huo ni mpangilio mzuri kuliko kumpa kazi hiyo mtu ambaye wenzake hawamjui kwa lolote ila kwamba anaelewana na ofisi.

Mwakilishi hana mamlaka ya kufunga kiwanda. Hayo anayo mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2001. Lakini mkaguzi wa Kanda ya Ziwa anatoka Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, na viwanda anavyotakiwa kuvizungukia ni vingi. Mwakilishi yupo kila siku. Anaijua mashine iliyoanza kulia vibaya tangu Jumanne. Anajua nani amepewa glovu zilizotoboka na nani ameogopa kusema. Kazi yake ni kuona, kusema, kuandika, na kurudi tena kusema.

Sasa niwaeleze kiwanda chenyewe. Sangara wa ziwa letu wanakwenda Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza kwa ajili ya vijidudu, halafu hofu ya kipindupindu, halafu habari za sumu kutumika kuvulia. Nilikuwepo. Meza za minofu zilikaa kavu na wengi wetu tukarudi vijijini kulima mihogo. Soko lilipofunguliwa, utaratibu ukawa mkali. Joto la minofu lilipimwa na kuandikwa. Klorini kwenye maji ilipimwa na kuandikwa. Kucha zetu zilikaguliwa mlangoni. Sina ubaya na hayo. Mla samaki wa Ujerumani naye ni jirani yangu, na Bwana hakuweka mpaka wa ujirani kwenye ufuko wa ziwa.

Ila nilikuwa nikizitazama zile fomu na kujiuliza vidole vya mwanamke anayeishika minofu hiyo saa nane mfululizo vimeandikwa wapi. Samaki alikuwa na daftari. Aliyeteleza kwenye maji yenye mafuta ya samaki akavunjika mkono hakuwa na daftari. Aliyejikata kisu alifungwa kitambaa akarudi mezani, na ikaishia hapo.

Basi nilinunua kaunta buku kwa fedha zangu na kuichora safu sita: tarehe, saa, mahali, jambo lenyewe, nimemwambia nani, na sahihi ya niliyemwambia. Kila mwisho wa mwezi nilipeleka nakala kwa katibu wa tawi la chama. Safu ile ya mwisho ndiyo iliyoniletea maneno. Msimamizi mmoja aliniuliza, "Dada, unanikusanyia kesi?" Nikamjibu, "Hapana kaka, nakukusanyia usingizi." Akacheka, akasaini. Msimamizi huyo tulikuwa naye jumuiya moja. Mkewe na mimi tulipokezana kupamba altare.

Mwezi Machi 2009 kitasa cha ndani cha chumba cha baridi kiliharibika. Kwa asiyejua, chumba hicho hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na mlango wake ni mzito, unajifunga wenyewe. Kitasa cha ndani kipo kwa ajili ya mtu aliyefungiwa. Niliandika tarehe 4 Machi. Nikaandika tena tarehe 19. Nikaandika mara ya tatu tarehe 7 Aprili. Mara zote tatu ndugu yule alisaini, na mara zote tatu jibu lilikuwa kwamba spea imeagizwa. Tulikubaliana kwamba kwa sasa mlango uwekewe kigingi cha mbao na mtu asiingie peke yake. Kwa muda hilo lilifanyika. Lakini kigingi kinatoa baridi, na baridi ni umeme, na umeme ni fedha. Kuna mtu alikuwa akikiondoa.

Usiku mmoja mwishoni mwa Aprili kijana wa kupakia maboksi aliingia peke yake, kwa sababu mwenzake alikuwa ameitwa kwenye lori. Mlango ukajifunga. Aliyemwokoa ni mama wa chai. Aliona kikombe kimoja kimebaki na uji umeshaganda juu, akauliza cha nani. Yule kijana alikuwa amekaa humo kama dakika 40, akipiga mlango wa chuma kwa mikono. Alipona. Hospitalini walimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Taarifa ya kwanza ya tukio iliandikwa kwamba ni uzembe wa mfanyakazi: aliingia bila kuaga. Ukweli ni kwamba aliingia bila kuaga. Kilichokosekana kwenye taarifa ni kitasa. Nilipoitwa kwenye kikao nilikwenda na kaunta buku. Niliombwa niiache ofisini ili "waipitie". Nikasema sawa, nakala ziko chamani. Hapo mazungumzo yalibadilika kidogo.

Lawama ikahama. Ilitoka kwa kijana ikaenda kwa msimamizi, yule ndugu wa jumuiya yangu, kwa kuwa sahihi zake zilikuwa pale. Nawaambieni, sikulala. Jumapili mkewe alinipita wakati wa kupeana amani kama vile mimi ni nguzo ya kanisa. Jioni katekista alikuja nyumbani na wazee wawili. Walikunywa chai, wakauliza habari za watoto, kisha mmoja akasema kwa upole, "Mama, sisi ni watu wa msamaha. Huwezi kuliacha hili daftari?"

Nilimjibu kama ninavyojibu hadi leo. Msimamizi hakunikosea mimi hata nimsamehe. Mwenye deni mkononi ni yule kijana, na hakuna anayeweza kusamehe kwa niaba ya vidole vya mwenzake. Tena kuandika tarehe si kumhukumu mtu. Wazee waliondoka bila kukubali, na bila kukasirika. Namshukuru Mungu kwa wazee wa namna hiyo.

Kilichofuata sikukitarajia. Yule ndugu alikwenda kwenye faili zake akaleta karatasi tatu za maombi ya spea, za tarehe 4 Machi, 19 Machi na 7 Aprili. Kila aliposaini kwenye kaunta buku yangu alikwenda moja kwa moja kuandika ombi, ili na yeye awe na pa kusimamia. Karatasi zilikwama kwenye meza ya juu yake ambayo sitaitaja, na mwenye meza hakuulizwa hata siku moja. Lakini taarifa iliandikwa upya. Kijana alibaki kazini, akahamishiwa stoo ya maboksi. Msimamizi hakufukuzwa. Na ile spea iliyokuwa safarini wiki nane ilifika kwa siku sita. Mkewe alirudi kunipa mkono wa amani, ingawa ilichukua hadi Krismasi.

Kuhusu fidia sina la kujivunia. Wakati ule tulikuwa bado tunatumia viwango vya sheria ya zamani, vilivyopitwa na wakati kabisa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 lakini ulianza kazi Julai 2015. Aliyeumia 2009 alipata kidogo, na akanyamaza.

Kwaresima iliyofuata, katika jumuiya tulikuwa tukisoma kitabu cha Kutoka, na siku ya zamu yangu ikaangukia sura ya 21. Wengi huiruka sura hiyo kwa kuwa ina sheria za watumwa na mifugo. Aya ya 28 na 29 zinasema juu ya ng'ombe aliyeua mtu. Sisi watu wa Mara hatuhitaji mhubiri wa kutufafanulia ng'ombe. Ng'ombe akiua kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe akaonywa, na hakumfunga, basi hatia ni ya mwenye ng'ombe.

Nilisoma, nikanyamaza, hata mama mmoja akadhani nimepoteza mstari. Nilikuwa nimemwona mtu ambaye sikuwahi kumwona humo. Katika sheria ile ya kale kuna mtu asiyetajwa jina wala cheo: yule aliyekwenda kumwonya mwenye ng'ombe. Fikirini ziara yake. Labda mwenye ng'ombe ni tajiri wa kijiji, labda ni shemeji yake, labda ndiye anayempa maziwa. Anafika, anapiga hodi, anasema: ng'ombe wako anapiga pembe. Biblia haituambii alijibiwa nini. Lakini tangu saa hiyo kila kitu kimebadilika, kwa sababu sasa mwenye ng'ombe anajua. Bila mtu huyo, ng'ombe angeua wa pili na wa tatu, na kila mara tungesema ni bahati mbaya. Au tungesema kazi ya Mungu haina makosa.

Ziko sehemu nyingine. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, kwa kuwa zamani watu walikaa juu ya nyumba, na mtu akianguka damu yake iko juu ya mjenzi. Ezekieli sura ya 33 ina mlinzi wa mji anayeona upanga ukija. Hizo huhubiriwa. Ile ya ng'ombe sijaisikia ikihubiriwa, na kama paroko wetu anasoma hapa, namwomba.

Nirudi nyuma kidogo, hadi kwa baba yangu. Alizaliwa Butiama, na miaka ya 1970 alikuwa akienda Bunda kila msimu wa pamba kufanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia. Pamba mbegu inaingia upande huu, pamba nyuzi inatoka upande ule na kufungwa marobota, na katikati ni vumbi kama ukungu wa asubuhi. Baba alikuwa na ugonjwa wa ajabu. Jumapili mzima kabisa, anaimba. Jumatatu jioni kifua kimebana, hawezi kumaliza sentensi. Kufika Alhamisi kimelegea. Jirani mmoja mwenye imani kubwa alisema ni shetani anayeichukia siku ya Bwana. Wengine walisema amelogwa na wenzake wa kazini. Alipimwa kifua kikuu, hana. Miaka ilivyopita Alhamisi zikawa kama Jumatatu, na mwaka 1991 tukamzika. Yale maneno yalisemwa, nami nilisimama hapo.

Mwaka 2010 nilipelekwa Mwanza kwenye mafunzo ya wawakilishi. Mkufunzi akaanza kueleza ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la pamba, unaoitwa bisinosisi. Akasema dalili yake ya mwanzo ni kifua kubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha kulegea siku zinazofuata. Akasema unajulikana miaka mingi, na kinga yake ni kupunguza vumbi kwa mitambo ya kulivuta, kuwapima watu mapafu, na kumhamisha anayeanza kubanwa. Nilitoka nje nikasimama chini ya mti. Ng'ombe yule alikuwa anajulikana tangu zamani. Ni kwamba hakuna aliyekuja kupiga hodi nyumbani kwetu, wala kwenye ofisi ya kinu.

Baba alikuwa na kadi ya chama. Kwanza NUTA, na kuanzia 1978 JUWATA. NUTA iliundwa 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari mwaka huo, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililokuwepo likavunjwa, na Waziri wa Kazi akawa ndiye Katibu Mkuu wa chama kipya. Mimi ni mtu wa Butiama. Mwitongo alikolazwa Mwalimu ni njia yangu ya kwenda kwa shangazi, na simkosoi kwa wepesi. Nchi ilikuwa changa na alikuwa na hofu zake za haki. Lakini ilimaanisha kwamba anayemwonya mwenye ng'ombe na mwenye ng'ombe walikula sahani moja. Miaka ya 1990 ndipo vyama vilipoanza kutoka chini ya mbawa za chama tawala, na ndiyo maana mimi niliweza kupeleka nakala zangu mahali ambapo bosi hakuwa na ufunguo.

Hata hivyo ni Mwalimu huyohuyo aliyesimama New York mwaka 1970 mbele ya masista wa Maryknoll, ndugu wa mapadre waliofika Musoma 1946, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na hali zinazomdhalilisha mtu, watu wataliona kuwa halina maana kwao. Mapapa walishalisema kwa namna yao. Leo wa XIII aliandika juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1891. Yohane Paulo wa II, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, aliweka miongoni mwa haki za mfanyakazi kufanya kazi mahali pasipoharibu afya yake, na akavitetea vyama vya wafanyakazi katika waraka huohuo. Kila Mei Mosi tunamwadhimisha Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, sikukuu iliyowekwa na Papa Pius wa XII mwaka 1955. Siku tatu kabla yake, Aprili 28, ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi duniani kote. Kwenye matangazo ya Misa sijawahi kuisikia.

Najua kuna wanaosoma na kusema: wewe unaongea habari za viwanda, sisi vijana wetu wako Buhemba kwenye maduara ya dhahabu. Ni kweli. Huko hakuna barua ya uteuzi wala tawi la chama. Kuna mwenye duara, kuna wachimbaji, kuna magogo yanayozuia ukuta usianguke, na zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu. Sheria inawahusu, lakini anayeuliza kama gogo limeoza ni nani? Mama mzazi akiuliza nyumbani anaambiwa anamtakia mwanawe mkosi. Sina jibu zuri kwa Buhemba. Najua tu kwamba jumuiya zetu ziko hadi huko, na kwamba mtu wa kupiga hodi hahitaji barua ili aone gogo lililooza.

Nilistaafu 2016, nikahamia Bunda kwa binti yangu. Siku moja baada ya Misa msichana mmoja wa kwaya alinifuata. "Shikamoo mama, naambiwa wewe unajua mambo ya usalama kazini." Anafanya kazi ya msimu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na wenzake wamemchagua mwakilishi. Mwisho wa msimu aliletewa karatasi ya kusaini kuthibitisha kwamba wafanyakazi 40 wa zamu yake wamegawiwa barakoa za vumbi. Zilizoletwa ni 12, na yeye ndiye aliyezigawa.

"Nikisaini nimesema uongo," akasema. "Nisiposaini, msimu ujao siitwi. Na mama yangu ananitegemea mimi."

Hatukusali mara moja. Kwanza nilimuuliza kama tawi lao lina katibu, na anaishi wapi. Nikamuuliza majina ya waliopata zile 12, akayajua yote. Nikaingia ndani nikamletea kaunta buku mpya, nikamchorea safu sita. Nikamwambia asikatae karatasi yao. Aandike juu yake namba aliyoigawa, asaini namba hiyo, na nakala aipeleke kwa katibu kabla hajalala. Kisha tukasali, yeye akiwa na kaunta buku mapajani.

Jumamosi alinitumia ujumbe: ameandika 12, amesaini, karatasi imepokelewa bila neno. Orodha ya watakaoitwa msimu huu hubandikwa getini mwezi Juni. Bado haijatoka.